Marudio ya darasani na marudio ya machimboni

Najua nilipotea, mnisamehe. Nilikuwa TP huko Geita, na tangu nirudi kampasi madesa yamenizidi kimo. Leo sina stori za bumu wala za foleni ya kafeteria. Leo nina hasira, na naanza kujikasirikia mwenyewe.

Wiki iliyopita tuliitwa kwenye semina ya ubunifu. Ukumbi ulijaa, maana habari za soda zilikuwa zimeshatangulia. Mtoa mada akasimama akasema kwa sauti nzito: mtu mbunifu hakariri. Basi bwana, ukumbi mzima tukainamisha vichwa tukaandika, "Mtu mbunifu hakariri." Jirani yangu akaninong'oneza, eti hiyo inaweza kutoka kwenye UE? Nikacheka. Halafu nikajitazama na daftari langu, nikaacha kucheka.

Mi nasema hivi. Ubunifu si kipaji cha watu wachache, wala haugawiwi kwenye semina. Ni tabia. Ni kukitazama mara ya pili kitu ambacho wenzio wameshakitupa, kuuliza bila kuogopa kuchekwa, na kwenda kupima mwenyewe. Watoto wanakuja shule wakiwa nayo tabia hiyo. Sisi walimu ndio tunaiua. Ushahidi ninao, maana nimeiua kwa mkono wangu.

Nilikuwa nafundisha kemia kidato cha tatu, mada ya uchimbaji wa metali. Shule yenyewe iko jirani na machimbo. Mimi nachora ubaoni tanuru la kuyeyushia chuma, kitu ambacho sijawahi kukiona, na nje karasha zinasaga mawe ya dhahabu mpaka madirisha yanatetemeka. Kijana mmoja wa mstari wa nyuma akanyoosha mkono. "Samahani madam. Mbona zebaki inashika dhahabu lakini haishiki mawe? Na ukiichoma, ule moshi wake unaenda wapi?"

Jamani, swali hilo! Mtoto ameona kitu kwa macho yake, ametofautisha, ameuliza sababu, kisha akauliza na madhara. Mi nikamjibu nini? Kwanza nikamwambia aulize kwa Kiingereza. Akahangaika, darasa likacheka. Kisha nikamwambia, kaa chini, hilo halipo kwenye silabasi.

Ukweli wenyewe ni kwamba sikujua jibu. Basi. Silabasi ilikuwa ngao tu.

Jumamosi roho ikanisuta, nikaenda kwenye mwalo mmoja kuuliza. Mzee aliyekuwa pale hana cheti cha chochote, lakini alinifundisha saa nzima bila kunidharau. Ndipo nikayaona marudio. Kwa wasiojua, huo ni mchanga unaobaki baada ya dhahabu kukamatwa kwa zebaki. Zamani ulihesabika taka. Siku hizi unauzwa na kununuliwa, maana watu waliutazama tena. Unawekwa kwenye matangi, unapitishiwa maji yenye sianidi, dhahabu iliyojificha inayeyuka, halafu inanaswa kwa kaboni. Sisemi ni kazi salama, sianidi ni sumu na zebaki ni sumu. Nasema tu kwamba dhahabu ilitoka kwenye lundo lililotupwa.

Nikarudi nyumbani kichwa kinazunguka. Hivi darasani "marudio" maana yake nini? Ni kurudia desa lile lile na mitihani ile ile ya miaka iliyopita mpaka mtoto aseme kama kasuku. Machimboni marudio ni kurudi kutafuta kilichopitwa. Neno ni moja, lakini wanaolitumia vizuri ni wale tunaowaita hawakusoma.

Na msidhani ni mambo ya dhahabu tu. Mi kwetu ni Shinyanga. Mkoa ule miti ilifyekwa sana, kwanza ili kuua mbung'o, baadaye kwa mashamba ya pamba na kuni, na mifugo nayo ikazidi uwezo wa ardhi. Mwalimu Nyerere alipopita mwaka 1984 alisikitishwa na ukame alioukuta, na mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Wataalamu walianza na vitalu na miche ya miti ya kigeni. Wananchi hawakuchangamkia. Kumbe Wasukuma walikuwa na ngitili tangu enzi za mababu: unatenga eneo, mifugo haiingii wakati wa mvua, nyasi na miti inajiotea yenyewe, unalifungua kiangazi malisho yakiisha kwingine. Watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa miaka ya 1970, ngitili nyingi ziliachwa nyuma.

Mradi ulipoacha kuhubiri ukaanza kuuliza wazee, mambo yakabadilika. Mwaka 1986 ngitili zilizohesabiwa zilikuwa kama hekta 600. Mradi ulipofungwa mwaka 2004, zilikuwa zimepita hekta 300,000. Wazo lililookoa Shinyanga lilikuwa limelala pale pale, linasubiri mtu wa kuliuliza habari zake.

Sasa kuna wanaosema, "Dada, hayo ya wazee wa vijijini, sayansi ni kitu kingine." Haya, tuje kwenye sayansi. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba, kidato cha tatu pale Magamba, Lushoto, alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friji ilikuwa inakwisha, akaingiza maziwa yake yakiwa bado moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Akamuuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa amechanganyikiwa. Akaenda kuwauliza wauza aiskrimu wa Tanga, nao wakamwambia ndivyo wanavyofanya. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akachekwa tena, ikawa ndiyo kejeli ya darasa. Siku Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, alipotembelea shule, Mpemba akasimama na swali lile lile. Osborne naye hakuamini, lakini alikwenda kupima. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na mpaka leo wanafizikia duniani wanabishana juu ya jambo linaloitwa kwa jina la Mtanzania.

Tofauti ya Osborne na mimi ni nini? Wote wawili hatukuwa na jibu. Yeye alikwenda kupima, mimi nikasema kaa chini.

Najua mtanijibu. Darasa lina watoto tisini, mtihani wa taifa uko mlangoni, mkuu wa shule anataka ufaulu. Kweli kabisa. Na mi sisemi kukariri kusiwepo kabisa, maana asiyejua alama za elementi hatasoma kemia. Lakini tusijifiche. Mtaala wa sekondari unaojengwa juu ya ujuzi tunao tangu 2005, na mipya ilianza kutumika 2024. Karatasi inabadilika, mwalimu anabaki na "kaa chini" yake mdomoni. Hakuna mtaala utakaomsaidia mtoto kama mwalimu anaogopa kutamka maneno matatu: sijui, tukatafute pamoja.

Na jingine, tuache hii ya kumziba mtoto mdomo kwa Kiingereza. Mtihani ni wa Kiingereza, sawa, afundishwe Kiingereza. Ila swali likija kwa Kiswahili au hata kwa Kisukuma, lipokee kwanza, lugha mtaitafuta baadaye. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, sasa anayekatazwa kuuliza atajifunza nini?

Jumatatu ile nilirudi darasani na jibu. Nikaeleza kwamba zebaki inaungana na dhahabu kama inavyoungana na metali nyingine nyingi, mawe si metali ndiyo maana yanaachwa. Nikaeleza kwamba ule moshi ni zebaki yenyewe imegeuka mvuke, unaingia mapafuni na kuangukia udongo na maji, na kwamba kuna chombo cha kuufunika na kuupoza ili zebaki irudi. Nikamwomba radhi yule kijana mbele ya wenzake. Akasema "asante madam" kwa adabu, akaandika yote.

Nilikaa pale wiki nne zaidi. Hakunyoosha mkono tena.

Wenzangu wa ualimu, mwakani tunaajiriwa, wengine tutajitolea tukisubiri. Semina zitakuja na soda zitanywewa. Mi nawaomba kitu kimoja tu: mkono ukinyooshwa nyuma ya darasa, msiushushe. Haya, naenda kupiga msuli. Tuonane wiki ijayo Mungu akipenda.