Saa Mbili, Mfuko Mmoja



Mwana wa dada yangu, afanyaye kazi ya usiku katika ghala moja huko Ubelgiji, ameniandikia barua. Ameweka akiba miezi mingi, naye ataka kununua saa ya mkono. Saa mbili za Ujerumani zamvuta moyo. «Mjomba,» auliza, «nichague ipi?» Nimekwisha kumjibu, lakini kwa kuwa jambo hili lawahusu vijana wengi, nawaelezeni ninyi pia.

Saa ya kwanza ni ya namna ya marubani. Jina lake Augsburg, nayo hutengenezwa na Laco, nyumba iliyoanzishwa mwaka 1925 katika mji wa Pforzheim. Uso wake ni mweusi, tarakimu zake nyeupe na kubwa, na mahali pa 12 pana pembetatu yenye vitone viwili. Asili yake ni saa za jeshi la anga la Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili, zilizokuwa na upana wa milimita 55, zikafungwa juu ya mkono wa koti. Kila alama ilikuwa na sababu yake: pembetatu ilionyesha upande wa juu kwa mtazamo mmoja, na kijifunguo kikubwa kilishikika hata kwa mkono wenye glavu. Saa ya leo ina milimita 42, mtambo wake watoka Japani, na mishale yake yang'aa gizani.

Saa ya pili ni ya Junghans, nyumba ya mji wa Schramberg iliyoanza mwaka 1861. Umbo lake lilichorwa mwaka 1961 na Max Bill, Mswisi aliyekuwa mjenzi, mchoraji na mchongaji. Ina milimita 38, mistari myembamba, na kioo kilichoinuka kidogo kama tone la maji. Mtambo wake watoka Uswisi. Bei yake yazidi mara mbili ya ile ya kwanza.

Je, huyu wa pili ni ubatili tu? Sisemi hivyo. Kitu kilichofanywa kwa uangalifu chamheshimu aliyekifanya, na saa kama hiyo yampendeza mtu aendaye Misa ya Dominika au arusini. Tena naungama mbele yenu: nilipoziona picha, jicho langu lilikwenda kwanza kwa ile ya bei kubwa.

Lakini tupime kwa haki. Saa zote mbili hujitia ufunguo kwa mwendo wa mkono. Zote mbili zikivuliwa na kuwekwa siku mbili, kwa kawaida husimama. Zote mbili huweza kukosea sekunde kadhaa kila siku, na saa ya betri ya bei ndogo huzishinda kwa usahihi. Basi fedha ile ya ziada hainunui wakati ulio wa kweli zaidi. Yanunua uzuri, na uzuri una bei yake halali, kama aununuaye hamnyimi mwingine haki yake.

Hapo ndipo penye shida. Kijana huyu anaye dada mdogo, mwanafunzi wa sekondari, ambaye mwaka jana alirudishwa nyumbani kwa ajili ya malipo ya shule. Kaka hakumsahau; katika barua yake ameandika kwamba atamtumia fedha «baadaye». Neno hilo halina saa wala siku.

Nimemwandikia hivi: «Mwanangu, chukua ile ya rubani. Wewe wafanya kazi gizani, nayo yasomeka gizani. Tofauti ya bei mpelekee dada yako juma hili hili, wala usimwambie imetoka wapi.»

Wanawali wa Injili hawakuulizwa taa zao zilinunuliwa kwa bei gani. Waliulizwa mafuta.