Je, Muhogo Huleta Kisukari?

Liko swali lisikikalo mara kwa mara mgonjwa wa kisukari atokeapo nyumbani, na hasa katika wilaya za Tarime na Serengeti, ambako ugali aghalabu ni wa unga wa muhogo uliochanganywa na mtama: je, si muhogo huu uliomharibu? Wako waliouondoa muhogo kabisa katika chakula cha watoto wao, hata katika futari, kisha wakaweka mahali pake mkate mweupe na chai ya vijiko vinne vya sukari. Yafaa basi swali hili lijibiwe kwa ushahidi, maana ushahidi wenyewe ulitafutwa huko huko Mara.

Kwanza tusiwacheke wenye kuuliza. Wataalamu nao walishuku hivyo hivyo. Mwaka wa 1979 madaktari wawili, McMillan na Geevarghese, waliandika kwamba huenda kisukari cha vijana maskini waliokonda, kilichoonekana sana Kerala, kusini mwa India, chatokana na sianidi, yaani ile sumu iliyomo katika muhogo mchungu. Hoja yao haikuwa ya ovyo. Mwili huizima sumu hiyo kwa kutumia salfa, nayo salfa huipata katika protini za samaki, maziwa, nyama na maharagwe. Lakini salfa hiyo hiyo ndiyo itengenezayo glutathioni, ambayo ni ngao kubwa ya chembe za mwili. Mtu alaye muhogo mchungu kila siku pasipo kitoweo huitumia salfa yake kuizima sumu, na ngao yake yaweza kupungua.

Ngao dhidi ya nini? Hapa yapasa tuingie ndani ya kongosho, kiungo kilicholala nyuma ya tumbo la chakula. Humo mna vifungu vidogo vya chembe ziitwazo chembe za beta, na kazi yao ni kutoa insulini, ambayo huuwezesha mwili kuitumia sukari iliyomo katika damu. Chembe ya beta hujuaje kwamba sukari imezidi? Huipima kwa kuichoma. Sukari ikiwa nyingi, chembe huichoma nyingi. Nguvu ipatikanayo hufunga vijilango vya potasiamu, kalsiamu huingia, na insulini iliyokwisha wekwa tayari humwagwa katika damu. Ni kazi ya ajabu, nayo hufanyika mchana na usiku bila sisi kuhisi.

Walakini hapana jiko lisilotoa cheche. Kila chembe ichomapo chakula, sehemu ndogo ya oksijeni hugeuka kuwa kali, ikauma kila inachokigusa kama kutu ilavyo chuma. Ini lina vimeng'enya tele vya kuzizima cheche hizo. Chembe ya beta inavyo vichache mno. Cheche zikizidi uwezo wa kuzizima, hali hiyo huitwa mkazo wa oksidisheni. Udhaifu huu ulidhihirika mwaka wa 1943, ilipoonekana kwamba dawa iitwayo aloksani, ikitiwa katika damu ya sungura, huwaletea kisukari. Baadaye ikajulikana sababu: aloksani hufanana na sukari, kwa hiyo chembe za beta huikaribisha ndani, nayo huwasha humo moto wa oksijeni kali. Basi waliposhuku muhogo, walikuwa wakiushuku mbele ya chembe ambayo kweli huungua upesi.

Mwaka wa 1985 ukame uliifika Tarime. Muhogo mchungu hustahimili jua, lakini wakati wa ukame sumu yake huzidi, na mwenye njaa hangoji siku zote zitakiwazo za kuuvundika na kuuanika. Makumi ya watu wakakakamaa miguu kwa ghafula, wasiweze kutembea sawasawa tena. Maradhi hayo huitwa konzo, jina litokalo kwa Wayaka wa Kongo, lenye maana ya miguu iliyofungwa. Yalichunguzwa na Howlett, Brubaker, Mlingi na Rosling, nao wakayaandika mwaka wa 1990. Kwa hiyo haikuwapo shaka tena kwamba watu wa huko walikuwa wamekula sianidi, tena si kidogo.

Ndipo madaktari wa Dar es Salaam, wakiwamo Swai na McLarty, walipouliza: ikiwa sumu ya muhogo huua chembe za insulini, kisukari kitajaa wapi kama si hapa? Wakaenda katika kijiji cha Nyambori, ambako muhogo ndio chakula kikuu, wakawapima damu watu zaidi ya 1,000, kabla ya kunywa sukari na saa mbili baada ya kuinywa. Kisha wakawalinganisha na watu wa vijiji ambako muhogo haliwi sana. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 1992. Katika Nyambori wenye kisukari hawakufika mmoja katika kila watu 100, wala hawakuzidi wale wa vijiji vingine. Uchunguzi wa kijiji kimoja haumalizi kila shaka, lakini mimi naona huu ulipiga penyewe. Mwaka wa 1999 Shirika la Afya Duniani nalo liliondoa katika orodha yake lile fungu la kisukari cha utapiamlo. Mwaka wa 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likalirudisha kwa jina jipya, aina ya tano. Ila safari hii kinacholaumiwa ni njaa ya utotoni na ya tumboni mwa mama, ambayo huzifanya chembe za beta zikue zikiwa dhaifu.

Sasa, ikiwa si muhogo, ni nini kiziunguzacho chembe hizi kwa wengi wetu? Jibu lasikitisha: ni sukari yenyewe. Mtu akinenepa kupita kiasi, mwili wake huwa mzito kuisikia insulini. Chembe za beta hulazimika kufanya kazi maradufu, huku sukari na mafuta yaliyozidi katika damu yakiongeza cheche ndani yao. Vile viongozi viwili vya chembe, PDX-1 na MafA, viamrishavyo insulini itengenezwe, hupungua. Insulini ikipungua, sukari hupanda zaidi, na cheche huzidi. Katika vijiji vilivyopimwa Tanzania miaka ya 1980, vya Mara vikiwamo, wenye kisukari walikuwa chini ya 1 katika 100. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka wa 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulipata 9 katika 100. Vipimo na umri havikuwa sawa kabisa, lakini tofauti hiyo ni kubwa mno kupuuzwa. Wala muhogo haukuanza kuliwa juzi.

Iko habari njema. Chembe iliyochoka si lazima iwe imekufa. Mwaka wa 2008 madaktari wa China waliandika habari za wagonjwa wapya waliotibiwa kwa insulini kwa muda mfupi tu, mpaka sukari ikashuka sawasawa. Mwaka mmoja baadaye karibu nusu yao walikuwa wakiishi bila dawa. Chembe zilipumzishwa, zikarudia kazi. Ndiyo sababu mtu mwenye kiu isiyokatika na kukojoa mara kwa mara asikae nyumbani akibahatisha mizizi, apimwe. Sukari ya milimoli 7 kwa lita au zaidi kabla ya kula, ikithibitishwa tena siku nyingine, ni kisukari.

Na vile vidonge viuzwavyo masokoni kwa madai ya kuondoa kutu mwilini? Vitamini C na E zilijaribiwa Marekani kwa maelfu ya wanawake kwa miaka mingi, hazikuzuia kisukari. Tena cheche chache ni sehemu ya ishara ambayo chembe huitumia kutoa insulini. Si kila moto ni wa kuzimwa. Fedha hiyo heri inunue dagaa.

Muhogo basi uliwe. Ule mchungu uvundikwe na kuanikwa siku zake zote, hata mwaka wa njaa, na uliwe pamoja na kitoweo. Mgonjwa wa kisukari akumbuke kwamba nao ni wanga, ambao hugeuka sukari. Apunguze tonge, aongeze mboga na maharagwe. Ama mtoto ambaye chembe zake za beta zimeharibiwa na kinga ya mwili wake mwenyewe, huyo habari yake ni nyingine: insulini yake haiachwi hata siku moja, ale muhogo au asile.