Mwekezaji Mdogo Achague Uwanja Wake

Askari wa kambi ya Makenke mjini Mbarara na polisi alindaye makazi ya wakimbizi ya Nakivale wana swali moja: je, akiba ya mshahara yaweza kushindana sokoni na fedha za mashirika makubwa? Swali hili ni la haki, nasi twapaswa kulijibu bila kificho.

Kwa nguvu peke yake, haiwezi. Mwaka 2024 mfuko wa hifadhi ya jamii wa Uganda, NSSF, ulikuwa na mali ya zaidi ya shilingi trilioni 20. MTN Uganda ilipouza hisa kwa umma mwaka 2021, kwa shilingi 200 kila moja, mfuko huo ulichukua zaidi ya asilimia 8 ya kampuni nzima. Una wataalamu wanaochambua hesabu kutwa. Askari aliye doria hana nafasi hiyo. Atakaye kuwashinda kwa kununua leo na kuuza kesho ni kama kikosi cha watu kumi kinachoishambulia brigedi mahali peupe.

Lakini kikosi kidogo chenye busara huchagua uwanja wake. Katika minada ya dhamana za serikali, Benki Kuu ya Uganda humruhusu mwananchi kuanza na shilingi 100,000, akiisha kufungua akaunti ya dhamana kupitia benki yake. Wakubwa hushindana kwa kutaja viwango. Mdogo hataji chochote, bali hupewa wastani wa viwango vilivyokubaliwa. Hivyo mashindano yao humpatia yeye bei ya haki. Tena hakuna anayemdai faida kila baada ya miezi mitatu. Anaweza kungoja, na subira hiyo ni silaha.

Uwanja wa pili ni umoja, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Huko Nakivale, katika vijiji kama Kashojwa, wakimbizi waliofika mikono mitupu huchanga kidogo kidogo katika vikundi vya akiba na kukopeshana mtaji wa biashara. Wanajeshi wetu wana chama cha Wazalendo, na polisi wana Exodus. Humo akiba za maelfu huwa fungu moja, na fungu hilo husikilizwa mahali ambapo mtu mmoja hasikilizwi.

Hata hivyo, chama si mahali pa kukopa tu. Mwanachama hana budi kuuliza hesabu, kuchagua viongozi waaminifu na kuongeza hisa zake. Na ajaye kambini akiahidi kurudisha fedha maradufu kwa mwezi mmoja, afukuzwe kama mwizi, kwa maana hata mashirika makubwa hayapati faida ya namna hiyo.

Ndugu askari, siku ya kustaafu haiulizi nani alimshinda nani sokoni. Huuliza nani aliweka akiba, na aliiweka mahali gani.