Eti mtoto akifikisha 18, baba kastaafu!

Hivi ubaba nao una umri wa kustaafu? Nauliza kwa sababu wiki iliyopita nilikuwa kwenye korido ya mahakama moja hapa Dar, nasubiri kesi nyingine kabisa, nikamsikia mzee mmoja akimwambia mama wa mtoto wake: "Kijana kafikisha kumi na nane. Mimi na wewe tumemalizana." Kijana mwenyewe kasimama pembeni, kashika karatasi za kujiunga na kidato cha tano.

Tufanye hesabu kidogo, ndugu zangu. Mimi nilianza darasa la kwanza nikiwa na miaka 7. Saba ya msingi, minne ya sekondari, hujafeli hata mara moja. Miaka 18 ilinikuta kidato cha tano, nakula maharage ya bweni. Chuo sijakiona hata kwa mbali. Huyo ndiye mtu mzima wa kuachwa ajitegemee?

Akina baba hawa wanapenda kutaja Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kweli, inasema amri ya matunzo inakoma mtoto akifika miaka 18. Lakini hawasomi mbele. Sheria hiyohiyo inasema mahakama inaweza kuiendeleza amri kama mtoto bado yuko masomoni au kwenye mafunzo, na anayeweza kuomba ni mzazi, anayemlea, au mtoto mwenyewe.

Ugomvi wangu na sheria uko kwenye hilo neno "inaweza". Maana yake baba anakaa kimya na kimya chake kinamlipa. Anayehangaika na nauli, karani na tarehe za kuahirishwa ni mama muuza vitumbua. Kwa nini isiwe kinyume chake? Amri iendelee mpaka masomo yaishe, na anayetaka kujitoa ndiye aende kumweleza hakimu sababu.

Halafu kuna hili: mtoto akipata ajira ya kipato kabla ya miaka 18, amri inakufa mapema. Sasa baba asipotoa hela, mtoto anaacha shule, anatafuta kibarua. Deni la baba limefutwa na njaa ya mwanae!

Najua mtaniambia ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali ilifutwa mwaka 2022. Sawa. Na Bodi ya Mikopo je? Ule ni mkopo, anaulipa mtoto, si baba. Simtetei jamaa wa miaka 27 anayelala sebuleni kwa mama mpaka saa tano asubuhi. Huyo afukuzwe hata kesho.

Yule kijana wa kwenye korido niliiona karatasi yake. Godoro, ndoo, jembe, fagio, rimu ya karatasi, nauli. Mzee alishashuka ngazi. Mama akaikunja, akaitia kwenye pochi, akaniuliza dirisha la karani liko wapi.