Pikipiki ya Mradi na Maneno ya Muuzaji

Anayeuza Yamaha DT 125, AG 100 au Honda XL ya zamani mjini Muyinga huwa na maneno aliyokwisha kuyakariri. Tuyajibu.

“Ilikuwa ya mradi, ilitunzwa vizuri.” Nusu yake ni kweli. Mashirika na wamisionari walizipenda pikipiki hizi kwa sababu hupanda vilima vya udongo ambako gari hukwama, na wengine waliziheshimu kwa kubadilisha oili kwa ratiba. Lakini chombo cha mradi hakina mwenyewe: leo kinapandwa na bwana shamba, kesho na muuguzi, na hakuna anayelipia klachi kutoka mfukoni mwake. Zito zaidi ni karatasi. Vyombo vya miradi mara nyingi huingia kwa msamaha wa kodi, na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inataka ushuru ulipwe vinapouzwa kwa mtu asiye na msamaha. Burundi imo katika Jumuiya tangu 2007. Unaweza basi kumaliza deni la muuzaji ukabaki na la OBR, mamlaka ya mapato ya Burundi. Kabla hata ya kuiwasha, dai kadi yenye jina la anayekuuzia na stakabadhi ya ushuru, kisha linganisha na namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, tarakimu kwa tarakimu. Ukiona imekwanguliwa, aga uende.

“Imetembea kilomita chache.” Mita inazungushwa na waya unaotoka gurudumu la mbele. Waya ukikatika, kilomita husimama na pikipiki huendelea. Tazama vikanyagio vilivyolika; sukuma gurudumu la nyuma kulia na kushoto. Likicheza, bushi zimekwisha.

“Moshi ni kawaida yake.” Hapa hadanganyi sana. DT na AG 100, zenye injini ya mipigo miwili, huchoma oili ya 2T pamoja na petroli, na Muyinga iko juu ya mita 1,600: hewa ni nyepesi, kabureta iliyopimwa pwani humwaga petroli kupita kiasi na plagi inakuwa nyeusi. Jeti ndogo zaidi hutibu hilo. Ila moshi mweupe mzito usiopungua injini ikishapata moto, huku oili ya giaboksi ikishuka, ni dalili kwamba sili ya krenki imepasuka. Kuibadilisha ni kufungua injini nzima, na hiyo gharama muuzaji haitaji.

“Spea zipo, unavuka Kobero tu.” Ukivuka mpaka huo na kuingia Tanzania, Kabanga na Ngara utapata za TVS na Boxer, maana ndizo zinazobeba abiria. Ya DT ni habari nyingine. Uliza pistoni iliyomo ni ya saizi gani: silinda hupanuliwa kwa hatua za robo milimita, kwa kawaida hadi milimita 1. Ikifika hapo, haipanuliwi tena. Pikipiki nyingi za miaka ya 1970 zina pia umeme wa volti 6, na balbu zinazojaa madukani ni za volti 12.

“Haili mafuta.” Si kweli kwa DT. Injini ya mipigo miwili hutupa sehemu ya petroli kwenye ekzosi kabla haijaungua, na miaka hii ya foleni za petroli utahangaikia pia oili ya 2T. XL, yenye vali, haina ubadhirifu huo.

Kwa njia za Giteranyi na Butihinda, mimi ningechukua XL 125 yenye karatasi kamili, hata kama rangi imebabuka. DT nunua ikiwa tu una silinda ya akiba nyumbani.