Mkataba wa walio sawa?

Wako wanaoandika kwamba sheria ya kazi siku hizi ni makubaliano ya watu huru, na habari za matabaka ni porojo za karne iliyopita. Waulizwe kuhusu California.

Mwaka 2019 jimbo hilo lilitunga sheria iliyofungua njia ya madereva wa Uber na Lyft kuhesabiwa waajiriwa. Kampuni za aina hiyo zikamwaga zaidi ya dola milioni 200 kwenye kura ya maoni ya 2020, zikajitoa kwenye sheria hiyo. Dereva, aliye “sawa” nazo, angemwaga nini?

Uingereza nako madereva wa Uber waliishtaki kampuni hiyo wakashinda 2016. Uber ikakata rufaa, ikashindwa kila ngazi, hadi Mahakama ya Juu ilipowathibitishia Februari 2021 kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo.