Mfalme Bila Bunge Tumemjua

Walimu wa historia hupenda kuwauliza wanafunzi: ingalikuwaje iwapo Mfalme Charles wa Kwanza angalilishinda Bunge la Uingereza, badala ya kukatwa kichwa mwaka 1649? Jibu hutafutwa London. Mimi nadai lipo papa hapa Nyamarambe.

Mfalme huyo alitawala miaka 11, kuanzia 1629 hadi 1640, pasipo kuita Bunge. Alitoza kodi ya merikebu, hata kwa watu wa bara wasioijua bahari. Waingereza hawakulisahau hilo; tangu 1689 sheria yao yamkataza mfalme kutoza kodi bila idhini ya Bunge.

Walipofika Gusii, Waingereza hao hao walitoza kodi ya nyumba kwa jina la Taji, wala mwenye nyumba hakuulizwa. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, aliingia mwaka 1944, tena kwa kuteuliwa. Abagusii walingoja hadi 1957, Lawrence Oguda alipochaguliwa.

Yuko atakayesema kwamba gavana aliwajibika kwa Bunge la London. Naam, lakini ni nani wa Nyamarambe aliyekuwa na kura huko?

Wanafunzi na walinganishe haya. John Hampden alipokataa kulipa shilingi 20 za kodi ya merikebu, kesi yake ilisikilizwa na majaji 12. Otenyo alipomchoma mkuki ofisa Northcote mwaka 1908, Gusii ililetewa askari, nyumba zikateketezwa na ng'ombe wakatekwa.